Elimu Isiyo na Umri: Masomo ya Watu Wazima na Ustawi wa Masisi na Walikale

Mwaka 2001, katika milima ya Masisi iliyo magharibi ya mji wa Goma, migomba ilianza kunyauka kwa namna ambayo wazee wa huko hawakupata kuiona tangu kuzaliwa kwao. Majani yaligeuka manjano yakalegea, ua la dume lining'inialo chini ya mkungu likasinyaa, ndizi zikaiva kabla ya wakati wake, moja huku na moja kule, na aliyeimenya aliikuta ina madoa ya rangi ya kutu ndani. Na mgomba ulipokatwa ulitoa utomvu mzito wa manjano. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza ugonjwa huo, ambao wataalamu huuita mnyauko bakteria wa migomba, kutambuliwa katika ardhi ya Kongo. Huko Uhabeshi ulikuwa umejulikana tangu miaka ya 1960, na Uganda ulionekana mwaka uo huo wa 2001. Kisha ukaingia Rwanda mwaka 2005, na Tanzania na Kenya mwaka 2006, ukifuata njia za watu na biashara zao.

Mkulima wa Masisi hakuwa mjinga. Alirithi kwa baba na mama yake ilimu kubwa ya mgomba: alijua kuchagua chipukizi, kupogoa majani, kupanda maharage katika kivuli chake, na kuvundika ndizi mpaka zikafaa kwa kasiksi, pombe ambayo bila yake ni nadra arusi au matanga kuhesabiwa kuwa yamekamilika vijijini. Walakini ilimu yote hiyo haikumfaa kitu mbele ya adui mgeni. Bali, kwa masikitiko, ilimsaidia adui. Panga lililonolewa vizuri ndilo lililoubeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Chipukizi alilopewa jirani kwa ukarimu ndilo lililoupeleka msiba katika shamba lake. Na ua la dume, lililoachwa kuning'inia kama ilivyokuwa ada tangu kale, ndilo lililowaita nyuki na wadudu wengine wakauchukua ugonjwa mbali. Kazi njema iliyofanywa kwa maarifa ya jana ilikuwa sababu ya hasara ya leo.

Tiba ya maradhi hayo haikuwa dawa ya kununuliwa dukani, ilikuwa mafunzo. Ilimpasa mkulima ajifunze kuliondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, mara chane ya mwisho inapokwisha kutoka. Ajifunze kulipitisha panga motoni, au kulisafisha kwa maji yenye klorini, kabla ya kuuhamia mgomba mwingine. Ajifunze kukataa chipukizi la shamba lenye ugonjwa hata likiwa zawadi ya ndugu. Na la kuzingatiwa zaidi ni kwamba wataalamu wenyewe hawakusalimika na haja ya kujifunza upya. Hapo kwanza waliagiza kwamba mgomba mmoja ukiugua, ung'olewe pamoja na watoto wake wote. Na wakulima wengi walilikwepa agizo hilo, kwa kuwa kazi yake ilivunja mgongo na mwisho wake ulikuwa njaa. Baadaye utafiti uliofanywa mashambani, pamoja na mashamba ya Kivu, ulidhihirisha kwamba ugonjwa haufiki daima katika kila mtoto wa mgomba, na kwamba yatosha kuukata ule ulio mgonjwa peke yake karibu na ardhi, na kurudia kazi hiyo kila dalili zinapotokea. Aliyefundisha alijifunza kwa aliyefundishwa, na ushauri ukawa mwepesi wa kutendwa.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu ndani yake imo hoja ambayo hotuba nyingi juu ya elimu huiruka. Shule ya watoto, hata ingalikuwa bora kupita zote duniani, isingaliweza kuiokoa migomba ile, kwa kuwa panga halikuwa mkononi mwa mtoto. Taifa hulishwa, huuguzwa, hujengwa na hutawaliwa na watu wazima, nao ndio wanaokutwa na mambo mapya ambayo utoto wao haukuyajua: ugonjwa mpya, mashine mpya, sheria mpya, soko jipya. Kwa hiyo taifa linalohesabu kwamba elimu imekwisha mtu atokapo shuleni huuweka ustawi wake rehani kwa muda wa miaka ishirini, likingoja watoto wakue. Na watoto hao wakisha kukua, hukuta yale waliyofundishwa nayo yamekwisha chakaa.

Nchi ya neema na kizazi kilichokatiziwa masomo

Masisi na Walikale ni wilaya mbili za Jimbo la Kivu ya Kaskazini zinazopakana bila kufanana. Masisi, yenye eneo la kilomita za mraba 4,734, ni nchi ya vilima vya malisho na baridi, ambamo ng'ombe hulisha juu ya miteremko na maharage, viazi na mahindi hustawi katika udongo mweusi. Walikale, yenye kilomita za mraba 23,475, inakaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda, na sehemu yake kubwa ni msitu wa mvua uliokatwa na mito Oso na Lowa, na barabara zake ni chache tena mbaya. Masisi wanakaa Wahunde, Watembo na Wanyarwanda, ambao baadhi ya jamaa zao waliletwa na serikali ya Wabelgiji kuanzia mwaka 1937 ili wafanye kazi katika mashamba makubwa. Walikale wanakaa Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega, Watwa na wengineo. Kila kabila lina lugha yake, lakini wakutanapo sokoni, kanisani au zahanatini, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Nchi hizi hazikunyimwa neema. Zilinyimwa amani, na pamoja na amani zilinyimwa mfululizo wa masomo. Utawala wa Wabelgiji uliziachia misheni kazi ya kufundisha, nazo zilifundisha wengi madarasa ya chini na wachache mno ya juu, hata siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliohitimu chuo kikuu waliweza kuhesabika haraka. Baada ya uhuru shule ziliongezeka, lakini tangu mwaka 1993, machafuko yalipoanza katika soko la Ntoto huko Walikale na kuenea Masisi, na kisha vita vya 1996 na vile vilivyofuata, masomo yamekuwa kitu cha kushikwa na kuachwa. Majengo ya shule yamelaza wakimbizi na yamelaza askari. Madawati yamekuwa kuni. Walimu wamehama pamoja na wanafunzi wao. Mapema mwaka 2025, pale waasi wa M23 walipoutwaa mji wa Masisi, kisha Goma tarehe 27 Januari, na mwezi wa Machi wakafika Walikale penyewe na kuondoka majuma machache baadaye, kizazi kingine kilionja kile ambacho wazazi wake walikionja.

Msomaji na apige hesabu hii nyepesi: mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 1993, mwaka ambao ilimpasa aanze kusoma, leo ni mtu wa makamo, mwenye watoto, shamba na kura. Serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma itakuwa bila malipo, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyokwisha kuagiza katika kifungu chake cha 43, mamilioni ya watoto wa Kongo walifunguliwa mlango. Walakini mama na baba wa watoto hao, waliofungiwa mlango uo huo walipokuwa wadogo, walibaki nje wakiwasindikiza. Nao hawakusahauliwa na Katiba. Kifungu cha 44, ambacho watu hukitaja kwa nadra, kinasema kwamba kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa, na kwamba Serikali imelazimika kuweka mpango maalumu kwa ajili hiyo. Sheria, basi, imekwisha kukubali hoja yetu. Iliyobaki ni vitendo.

Maziwa, madini na mizani

Wako wanaodhani kwamba kumfundisha mtu mzima ni sadaka, jambo la huruma tu lisilo na faida katika hesabu ya nchi. Masisi ina jibu lake, nalo huuzwa sokoni. Jibini ya Masisi, ile ya mviringo na rangi ya manjano inayojulikana Goma, Bukavu na hata Kinshasa, haikuwa chakula cha wafugaji wa huko tangu asili. Ilianza miaka ya 1970 kwa mafunzo ya mapadri waliotoka Ulaya, na waliojifunza hawakuwa watoto, walikuwa wafugaji na vibarua wa mashamba. Kabla ya hapo maziwa yaliyozidi mahitaji ya nyumba yaliharibika, kwa kuwa njia ni ndefu na mvua haina huruma. Baada ya hapo maziwa yakapata umbo linalodumu kwa majuma na kubebeka kichwani hadi barabarani. Ustadi huo ukahama kwa mkono, mtu akimwonyesha mwenziwe, ukapita katika vita vyote vilivyochinja ng'ombe na kuchoma mazizi, na kila utulivu uliporejea jibini nayo ilirejea. Ng'ombe waliporwa, lakini kazi iliweza kuanzishwa tena kwa kuwa wenye kuijua walikuwapo.

Madini yana somo kali zaidi. Huko Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, wachimbaji wadogo walianza mwaka 2002 kuchimba kasiterite, mawe ambayo ndani yake hutolewa bati. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana walishuka mashimoni na kupanda na magunia, kisha wapagazi wakayabeba mgongoni njia ya msitu mpaka Njingala, huku kila mwenye bunduki akidai fungu lake njiani. Leo mlima uo huo una mgodi wa mashine, unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin tangu mwaka 2019, nao mwaka 2024 ulitoa tani zipatazo 17,300 za bati, takriban asilimia 6 ya bati lote la dunia. Mgodi wa namna hiyo hauwaiti wapagazi. Huwaita mafundi umeme, mafundi mitambo, wapima ardhi, wenye kujua maabara na wenye kuweza kusoma maelezo ya usalama kabla ya kuushika mtambo. Yule kijana aliyeupa mgodi nguvu za ujana wake wote, akiwa hajui kusoma, amebaki kuutazama kutoka nje, si kwa kuwa akili yake ni pungufu, bali kwa kuwa kazi ilibadilika na hapana aliyempa nafasi ya kubadilika nayo.

Hali ya Rubaya, katika Masisi, haiko mbali na hiyo. Koltani itokayo katika milima yake hukadiriwa kuwa yapata asilimia 15 ya ile itumikayo duniani, na tantalamu iliyomo huingia katika simu na mashine nyingine za umeme. Bei ya koltani haifuati uzito peke yake. Hufuata pia kiasi cha tantalamu kilichomo, na kiasi hicho hupimwa kwa chombo ambacho aghalabu kiko mikononi mwa mnunuzi. Mchimbaji asiyejua asilimia ni kitu gani, asiyeweza kuusoma mzani wala kuikagua stakabadhi, hana budi kupokea anachopewa na kushukuru. Hapo ujinga unageuka kuwa kodi, tena kodi nzito, inayolipwa kila siku na maskini.

Tena kuna kodi ya pili, isiyoonekana. Sheria ya Madini ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2018, imegawa mrabaha wa madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa utawala wa mahali yanapochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na juu ya hayo kampuni imelazimishwa kutenga sehemu ya mapato yake, asilimia 0.3, kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi. Mwananchi wa Wanianga au wa Bakano, ambazo ndizo sekta mbili za Walikale, ana haki ya kuuliza fedha hizo zimejenga nini. Lakini atauliza vipi juu ya fungu asilolijua, lililoandikwa katika sheria asiyoweza kuisoma, kwa lugha ya Kifaransa ambayo hakupata kufundishwa? Ardhi inaweza kuwa tajiri na wenye ardhi wakabaki fukara miaka mia, ikiwa maarifa ya kuihesabu mali yao yako kwa watu wengine.

Afya nayo imeleta ushahidi wake. Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018, na mpaka ilipomalizika Juni 2020 ikiwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, silaha kubwa kuliko zote, pamoja na chanjo, ilikuwa ni watu wazima kukubali kujifunza jambo gumu: kutomwosha maiti wa mzazi wao, kutomkumbatia mgonjwa, kumtaja kila aliyemgusa. Ugonjwa ulifika mpaka Pinga, huko Walikale, mwaka 2019. Mwanzoni watu wa jimbo hilo waliwashuku wageni waliokuja na magari na mavazi ya kutisha; walielewa zaidi pale habari ileile ilipotoka katika kinywa cha jirani, muuguzi wa kijijini au mtangazaji wa redio, kwa lugha waliyoizoea. Radio Okapi, inayotangaza tangu mwaka 2002 kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na redio ndogo za vijijini pamoja nayo, zilikuwa madarasa yasiyo na kuta.

Hekima ya Wanyanga

Asidhani mtu kwamba elimu ya maisha ni fikira iliyoletwa kwa ndege kutoka Paris au Geneva. Ni kweli kwamba UNESCO iliipa nguvu mwaka 1972, ilipochapisha ripoti ya tume iliyoongozwa na Edgar Faure wa Ufaransa. Lakini miaka kumi na sita kabla ya ripoti hiyo, katika msitu wa Walikale, mzee mmoja wa Kinyanga aitwaye Rureke alikuwa amekwisha kuisimulia fikira hiyo kwa ngoma na wimbo. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza Rureke akiimba, akisimulia na kucheza kwa muda wa siku kumi na mbili utendi wa Mwindo, na mwaka 1969 utendi huo ukatolewa kitabu na Biebuyck pamoja na Mkongo Kahombo Mateene.

Mwindo ni shujaa aliyezaliwa akitembea na kusema, mkononi ana usinga. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, alikuwa ameapa kwamba hataki mwana wa kiume, akajaribu kumwangamiza. Mtoto akaokoka, akapata msaada wa shangazi yake Iyangura, akamfuata baba yake hata kuzimu, na mwisho akamsamehe wakagawana ufalme. Hadithi nyingi za mashujaa zingalikoma hapo. Wanyanga hawakuikomesha hapo. Mwindo, akiwa amekwisha kuwa mtawala na kujisifu kwa ushindi wake, anaua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Naye Nkuba anamchukua juu mbinguni, ambako anapitishwa katika baridi, mvua, jua na mwezi, bila usinga wala sifa, mpaka anyenyekee. Anaporudi duniani anawakusanya watu wake na kuwapa sheria za kuishi: walime vyakula vya namna nyingi, wakae katika nyumba njema, wasigombane, wasimdhihaki mlemavu, wamheshimu mtawala na mtawala awaogope wao.

Maana yake ni wazi. Aliyezaliwa akijua kila kitu alikuwa shujaa. Hakuwa bado mtawala anayefaa. Alifaa baada ya kufundishwa ukubwani, na kufundishwa kwake kulimuuma. Rai ya wazee wa Walikale, basi, ni kwamba mafunzo ya ukubwani hayamhusu mnyonge peke yake: humpasa kwanza mwenye madaraka. Katika nchi ambayo wakubwa wengi wametwaa cheo kwa bunduki, sidhani kuna fundisho lenye haja kubwa kuliko hilo. Na huyo Mateene aliyeshirikiana na Mzungu kuuhifadhi utendi huo hakukoma hapo. Aliendelea mpaka akaongoza ofisi ya lugha za Afrika ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala, akaandika pia juu ya sarufi ya Kihunde, lugha ya Masisi, hivi kwamba msitu na malisho vyote viwili vina deni kwake.

Funzo la jirani

Ikiwa msomaji atauliza kama jambo hili limepata kufanyika kwa taifa zima, katika nchi maskini, kwa lugha ya Kiswahili, jibu liko Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1964, akiueleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Julius Nyerere alisema bila kificho kwamba wa kuelimishwa kwanza ni watu wazima, kwa kuwa manufaa ya watoto katika uchumi hayataonekana kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Wasiojua kusoma, waliokuwa asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967, walipungua wakawa asilimia 39 mwaka 1975, na asilimia 27 mwaka 1977.

Siri ya kufanikiwa huko haikuwa fedha nyingi, maana hazikuwapo. Ilikuwa mambo matatu: lugha moja ambayo wengi waliielewa, azma ya wakuu wa nchi iliyoonekana kwa macho, na desturi ya kuunganisha herufi na kazi, mkulima akijifunza kusoma kwa kitabu kinachozungumza juu ya pamba au kahawa yake. Na waliokwisha kujua kusoma walitafutiwa cha kusoma. Katika kanda ya Ziwa Viktoria lilitolewa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Miaka ya dhiki ilipokuja, na fedha za kazi hiyo zikapunguzwa, sehemu ya mafanikio hayo ilififia, nayo ni sehemu ya funzo: aliyejifunza kusoma na asipate cha kusoma hurudi alikotoka.

Vizuizi na njia

Kongo si Tanzania ya mwaka 1970, na haifai kujidanganya. Watu hawawezi kukaa darasani pale wasipoweza kulala nyumbani. Hata hivyo, vita si hoja ya kungojea. Ni hoja ya kuharakisha, kwa kuwa mtu asiyeweza kusoma ndiye anayeongozwa kwa urahisi na uvumi kwamba jirani yake ni adui. Katika kambi za waliokimbia Masisi, zilizouzunguka mji wa Goma kabla ya mwaka 2025, maelfu ya watu wazima walikaa miezi na miaka wakiwa na kitu ambacho shambani hawakuwa nacho, yaani wakati. Na wengi wao waliondoka pale bila kufundishwa hata kuandika majina yao.

Wengine watanijibu kwa methali kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo inasema kweli juu ya tabia, lakini haisemi kweli yote juu ya akili. Mtoto hujifunza kwa wepesi na kusahau kwa wepesi, kwa kuwa hajui lile jambo litamfaa wapi. Mtu mzima hujifunza kwa haja, na haja ni mwalimu mkali asiyeruhusu utoro. Mama anayetaka kujua kama akiba yake imeandikwa sawa hahitaji kuchapwa ili akumbuke tarakimu. Ushahidi uko katika vyama vya akiba na mikopo vya vijijini, ambavyo watu wa Kivu huviita AVEC: wanachama, wengi wao wanawake, hukutana kila juma, huweka fedha zao katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali, na kila aliyeweka au kukopa huandikiwa. Walioingia humo wakiwa hawajui hesabu hujikuta wanajumlisha, wanatoa, wanagawa faida na kumhoji mwandishi wa chama. Darasa bora la watu wazima ni lile linalokaa juu ya jambo ambalo watu wamekwisha kulipenda.

Kutokana na hayo njia haifichiki. Kwanza, mtu mzima afundishwe kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa lugha ya mamaye, Kifaransa kikifuata baadaye kwa anayekihitaji. Kumwanzisha kwa lugha ngeni ni kumfunga mzigo miguuni kabla ya safari. Pili, saa za masomo zifuate saa za shamba na za jiko, la sivyo wanawake, ambao ndio wengi wa waliokosa shule, watakosa mara ya pili. Tatu, mwalimu alipwe, kwa kuwa Kivu ya Kaskazini imekwisha kujua vya kutosha gharama ya walimu wanaofundisha miaka bila mshahara wa Serikali. Nne, kila darasa liwe na gazeti au kijitabu cha mambo ya mahali: mnyauko wa migomba, bei ya koltani, chanjo ya watoto, mpaka wa shamba na hati yake. Tano, sehemu ya lile fungu la mrabaha linaloirudia Walikale na Masisi itengwe kwa kazi hii, ili mawe yatokayo ardhini yaache nyuma yao watu wanaojua thamani yake.

Na gharama ya yote hayo si ya kutisha. Majengo ya shule, pale yalipobaki wima, hukaa tupu kila jioni, redio ziko, makanisa na misikiti ina watu wanaojua kusoma, vyama vya akiba vimekwisha kuwakusanya wanafunzi kabla mwalimu hajafika. Kinachokosekana ni kuhesabu. Serikali huhesabu watoto walioandikishwa na waliofaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na kila mwaka waziri huulizwa juu ya hesabu hiyo. Siku mkaguzi atakapofika Nyabiondo huko Masisi au Mubi huko Walikale na kuuliza, pamoja na idadi ya watoto, ni wazazi wangapi walioandikishwa mwaka huu, na chifu akaona haya kwa kujibu kwamba hakuna hata mmoja, kifungu cha 44 kitakuwa kimeanza kufanya kazi ambayo kiliandikwa kuifanya.